Kyakimwa G.

Baada ya Kabasha barabara ilianza kushuka, na baridi ya Butembo ikawaacha kama mwenyeji anayesindikiza wageni hadi mlangoni tu. Ornella, aliyekaa katikati ya dereva wa pikipiki na Sifa, alivua sweta kwa taabu akaifunga kiunoni. Upande huu hakuwahi kufika. Alikuwa mtoto wa Lubero, wa vilima vya viazi na ukungu wa asubuhi. Kwake kaskazini iliishia kwenye soko la Butembo, na Beni lilikuwa jina la kusikia redioni, likifuatwa na idadi ya waliouawa.

Sasa Beni ilikuwa inakuja yenyewe: kakao iliyoanikwa juu ya maturubai kando ya njia, harufu yake chachu kama ya pombe iliyosahauliwa mtungini, na jua lililoshuka chini kidogo kuliko alivyolizoea. Alikuwa amechoka tangu kabla ya kupanda pikipiki. Alikuwa amechoka, kwa kweli, tangu mwezi wa pili.

Kwenye kizuizi walishuka kama abiria wote, wakatembea huku wameinua kadi zao. Askari aliitazama ya Ornella, akaitazama ya Sifa, akarudia ya Sifa.

"Weye ni mutoto ya huku?"

"Ndiyo, afande. Ya Beni."

"Unatoka wapi?"

"Ku masomo, Butembo."

"Unasoma nini?"

"Kuzalisha."

Askari akacheka, lakini kicheko hakikufika machoni. "Kuzalisha! Huku kazi ya kuzika ndiyo iko mingi. Leka, maman, leka." Leka, yaani piteni, kwa Kilingala cha jeshi.

Wakapita. Sifa alirudisha kadi yake kwenye mfuko wa plastiki, ndani ya daftari la mazoezi, daftari ndani ya kitenge, kitenge ndani ya begi. Tangu asubuhi alikuwa amelifungua begi lile mara nne kuhakikisha daftari bado lipo, kana kwamba karatasi nazo hutoroka.

Ilikuwa Jumatano. Ijumaa saa sita mchana orodha ya watakaofanya mtihani wa mwisho ingebandikwa kwenye ukuta wa chuo chao, na mpaka sasa jina la Sifa Kasimu halikuwamo. Aliyelitoa jina hilo, bila kukusudia, alikuwa Ornella.

*

Waliishi sita katika nyumba ya matofali huko Mususa, nyuma ya karakana ya seremala. Wanafunzi wa Butembo wana desturi ya kujikusanya katika kile wanachokiita famille, familia ya masomo, na familia yao iliitwa Meza Moja. Meza yenyewe walipewa na seremala, kwa sababu miguu yake haikulingana na hakuna mteja aliyeitaka. Waliingiza karatasi za mitihani ya zamani chini ya mguu mfupi, na tangu hapo ikawa meza ya kulia, ya kupigia pasi, ya kusomea mzunguko wa damu na ya kufanyia mazoezi ya kumpokea mtoto, mtoto akiwa furushi la nguo na tumbo la mama likiwa ndoo.

Sheria zao zilikuwa chache. Jioni wanasoma pamoja, na anayejua anamsubiri asiyejua. Jumamosi wanakwenda kuhudumia watu. Anayefeli somo halii peke yake. Na kila anayeingia hupewa jina kwa zamu ya kuvuka mlango, kama vile wazazi Wanande wa milima hii wanavyowapa mabinti zao majina kwa zamu ya kuzaliwa: wa kwanza Masika, wa pili Kavira, wa tatu Kavugho, na kuendelea. Anayeondoka huondoka na namba yake, haipewi mwingine. Ornella alikuwa wa kwanza kuvuka, miaka miwili iliyopita, kwa hiyo akawa Masika wa nyumba, ingawa kwao Lubero alizaliwa wa nne. Hakuna aliyemwambia kwamba kuwa wa kwanza ni kazi isiyo na likizo. Masika ndiye hushika ufunguo, ndiye huamka kabla ya maji kukatika, ndiye huitwa mtu anapoumwa tumbo au anapoachwa na mchumba.

Sifa alifika mwezi wa kumi akiwa na mkeka, beseni na thermos ya mama yake. Miaka miwili ya kwanza ya masomo alikaa kwa shangazi yake, hadi shangazi alipohamia Bunia. Alisimama mlangoni na kitambaa chake kichwani, akasema "Salaam aleikum" kwa sauti ya mtu asiye na uhakika kama salamu hiyo inapokelewa humo.

Providence, yule wa tatu, msichana wa Butembo mwenye mdomo usiolala, alimtazama kutoka juu hadi chini. "Sasa huyu tutamuita nani? Hayiko Munande. Kwao banahesabuaka batoto?"

Ornella alikuwa anafua, povu hadi kwenye viwiko, na mgongo unamuuma. Hakufikiri. "Amevuka mulango ya sita. Ni Kyakimwa. Kavugho, mupe kiti."

Sifa hakutabasamu kwa ajili ya kiti. Alitabasamu kwa ajili ya jina.

Jioni ile ile waligundua jambo. Walikuwa wanakula bugali na sombe ya majani ya muhogo, na Sifa alikuwa akila kwa mkono wa kulia, polepole, kama mtu anayeandika kwa lugha ya kigeni. Kisha Providence akamwaga maharagwe ya kesho mezani ili yachambuliwe, na mkono wa kushoto wa Sifa ukatoka peke yake, ukaruka juu ya maharagwe, ukatenga mawe na mabovu upesi hata macho hayakuufuata.

"Eh! Kumbe uko wa kushoto!" Providence akapiga kelele.

Mkono ulirudi chini ya meza. "Ku nyumba yetu hapana," Sifa alisema.

Wengine walicheka. Ornella alisimama, akavuta kiti cha Sifa hadi kwenye kona ya kushoto ya meza, mahali ambapo kiwiko hakigongani na cha mtu. "Hapa utakuwa unakaa," alisema, akarudi kwenye bugali lake. Hakuliona kuwa jambo kubwa. Lakini kuanzia siku hiyo mkono ule ulikuwa na makao.

Mwaka ukaenda kama miaka inavyokwenda huko, kwa kuburuzwa. Jumamosi walibeba mabeseni na sabuni hadi kwenye uwanja wa shule moja, walikolala waliokimbia kutoka Kanyabayonga na vijiji vya kusini, wakaosha watoto, wakawapima kwa mzani wa kuning'iniza, wakaandika uzito kwenye vikaratasi ambavyo mvua ilivila. Ramadhani na Kwaresima zilianza karibu siku moja. "Mungu ametuunganisha ku njaa," Providence alisema, na kwa wiki sita hakuna aliyekula mchana kwenye Meza Moja. Waliopata alama mbaya katika famakolojia walikuwa wanne, na wanne hao walilia pamoja, kama sheria ilivyotaka, kisha wakarudia somo hadi likaingia. Habari za vita zilipanda barabara kutoka kusini. Ndugu za Ornella walikuja kumi na wawili, wakalala sebuleni siku tisa, wakaendelea na safari. Ornella alianza kusinzia amesimama.

Na mazoezi ya hospitali yalianza. Wasichana waliingia katika chumba cha kujifungulia cha hospitali moja ya mjini, wamevaa kofia na barakoa, macho tu nje. Mkunga mkuu aliitwa Mama Jokébed, mwanamke mnene mwenye hatua nyepesi, aliyeandika kila uzazi kwenye rejista: jina la mama, saa, uzito wa mtoto, na jina la mwanafunzi aliyempokea. Siku ya kwanza alimnyooshea Sifa kalamu.

"Weye ni nani?"

Sifa alichelewa kujibu, kwa aibu. Ornella, aliyekuwa kando akikunja mashuka, alijibu kwa niaba yake. "Ni Kyakimwa yetu, Mama."

Mama Jokébed akaandika Kyakimwa. Na Sifa, ambaye angeweza kusema hapana, ambaye alikuwa na jina lake kamili kwenye kadi mfukoni, alinyamaza. Baadaye alimwambia Ornella kwa nini: hapo chumbani kina mama walikuwa wakimshika mkono na kumwita kwa jina lile, "Kyakimwa, usiniache," na lilikuwa kama kuvaa nguo ya dada.

*

Kila mwanafunzi alitakiwa kuwa amepokea watoto thelathini. Sifa alipokea thelathini na wanne. Daftari lake lilijaa sahihi za Mama Jokébed. Lakini mwaka uliopita kulikuwa na wanafunzi walioghushi sahihi, kwa hiyo safari hii karani wa masomo, Bwana Manassé, alichukua kila daftari na kulilinganisha na rejista ya hospitali, mstari kwa mstari, miwani ikiwa kwenye ncha ya pua.

Jumanne asubuhi alimwita Sifa ofisini. Ornella aliingia naye.

"Signature, hata mwizi iko nayo," Bwana Manassé alisema. "Miye nasoma registre. Donc, mu registre hakuna Sifa. Kuko Kyakimwa D., kuko Kyakimwa G. Ile tarehe zako zote ni Kyakimwa G. Weye ni G.?"

"Ni miye, Papa."

"G. ni nini? Georgette? Gloria? Générose?"

Sifa alimtazama Ornella. Ornella alitazama sakafu.

"Sijue, Papa."

"Eh! Mutu hajue hata jina yake!" Hakuwa mkali. Alikuwa mchovu kama wao, na rundo la madaftari mbele yake lilifika kidevuni. "Binti yangu, sikia. Mulete barua ya ule mama aliyeandika, aseme G. ni nani na namna gani anamujua, na cachet, muhuri, juu yake. Ijumaa saa ine. Kisha pale, miye nabandika."

Mama Jokébed alikuwa amehamishiwa Beni tangu mwezi wa tano. Walimpigia simu wakiwa chini ya ukuta wa chuo. Mtandao ulikuja na kuondoka. "Sifa? Sifa gani? Mwanangu, nimepitisha banafunzi mia..." Kisha kimya.

Providence aliposikia hakutania. Alisema, "Masika, weye ndiye ulimupatia ile jina."

"Najua."

"Sikulaumu."

"Najua, Kavugho. Nipe sweta yangu."

*

Bohari ya Mzee Kasimu ilikuwa karibu na barabara kuu ya Beni, ile ya lami pana, ambako pikipiki huzunguka mzunguko wa barabara kama nyuki waliokosa mzinga. Ndani magunia ya kakao yalifika darini. Mzee Kasimu mwenyewe alikuwa mwembamba, kanzu yake imekunjwa mikono, na alipomwona binti yake alisimama, akakaa, akasimama tena.

"Mulipita njia ile? Na pikipiki?"

"Tulipita, Papa. Iko salama leo."

"Leo," alisema Mzee Kasimu. Akawakaribisha kwenye mkeka, akaagiza chai na mandazi, akamgeukia Ornella. "Njia ile imenikula shofa mbili ba lori yangu, binti yangu. Batu bazuri. Njo maana siko nasemaka mingi juu yake."

Sifa alieleza: jina, rejista, herufi G. Alieleza akiwa ameshika kikombe kwa mkono wa kulia, na Ornella, aliyezoea kumwona kwa miezi tisa kwenye kona ya meza, alishangaa kuona jinsi alivyokuwa mtu mwingine. Mkono wa kushoto ulikuwa umekaliwa, kiganja chini ya paja, kama mtoto aliyeambiwa asitoke mbele ya wageni. Chai ilimwagika kidogo.

Baba aliiona, akacheka kwa upendo. "Bado! Huyu, alikuwa mukaidi. Alikuwa nataka kufanya yote na kushoto. Nilimufunga kitambaa ku ile mukono miezi mbili, mupaka ikasahau. Ni vile mutoto analelewa." Kisha kicheko kikaisha. "Sikia, Sifa. Kama huu mutihani unakukatala, unarudi nyumbani. Sina hasira. Lakini mwaka ingine ya kupita mule porini, juu ya herufi moja, hapana. Nimechoka kungojea simu."

"Ndiyo, Papa."

"Sasa tuende kwa huyu mama. Nitabapeleka mwenyewe."

Ornella alitaka kusema kwamba wangeweza kwenda peke yao. Lakini alikuwa amechoka, na mzee alikuwa ameshavaa viatu.

*

Kituo cha afya kilikuwa na veranda ndefu na benchi lililojaa kina mama. Hapa Beni jasho lilimtiririka Ornella mgongoni, na aliwaza kwamba kama angezaliwa huku asingejua kukunja mabega kwa baridi kama wanavyokunja watu wa Lubero. Walisubiri saa nzima. Mama Jokébed alitoka akijifuta mikono, akawatazama wote watatu: msichana wa milimani mwenye sweta kiunoni, mzee wa kanzu, na binti aliyejifunika kitambaa cha kijani.

"Ni nani alinipigia simu?"

"Ni siye, Mama," Ornella alisema. "Huyu ni Kyakimwa."

Mama Jokébed alimkazia macho Sifa. "Huyu? Huyu ni Mwislamu ya Beni. Kyakimwa gani?"

Sifa alitoa daftari, begi, kitenge, plastiki, vyote vikaanguka. Mkunga alipokea, akafungua, akaona sahihi zake mwenyewe. "Mukono ni yangu, sikatai. Lakini batoto balinibebesha maneno mwaka jana, baliiga signature yangu mupaka nikaitwa ku bureau. Siandike tena kitu sijue. Sura za banafunzi sizijue, balikuwa na masque. Miye minaangaliaka mikono." Alimpa Sifa kalamu na karatasi. "Andika jina yako, ile ulikuwa unaandika ku karatasi za bamama."

Sifa aliandika. Baba yake alikuwa amesimama nyuma ya bega lake la kulia. Herufi zilitoka zimelala, K imevunjika mguu.

Mama Jokébed aliangalia, akatikisa kichwa, akamrudishia daftari bila ukali. "Ule Kyakimwa hakuandika hivi. Unisamehe, mwanangu."

Kwenye benchi mwanamke mmoja aliguna kwa uchungu, na mkunga akageuka kwenda kwake.

Hapo ndipo Ornella alipoelewa. Si kwa akili; akili yake ilikuwa imelala tangu Kabasha. Alielewa kwa macho. Aliona kiganja cha kushoto cha Sifa kimeshika upindo wa nguo nyuma, kimefumba, na akaikumbuka kona ya meza.

"Mama!" aliita. "Mu registre uliandika Kyakimwa G. na Kyakimwa D. G. ilikuwa nini?"

Mama Jokébed alisimama. "Juu ya balikuwa babili. Mumoja ya masomo ingine, wa droite, mukono ya kulia. Na mumoja wa gauche. Kama nisingetia alama, ningechanganya." Akatazama tena mikono ya Sifa, yote miwili. "Gauche," alirudia polepole.

Kifaransa kina neno moja kwa mkono wa kushoto na kwa mtu asiyejua kushika kitu kisianguke. Kiswahili kina hesabu yake: kulia ni mkono wa kula, na wa pili umeachwa na kazi zisizosemwa mezani. Mzee Kasimu hakujua Kifaransa kingi, lakini neno hilo alilijua. Shule zote za Kongo zimemfundisha kila mtu neno hilo, kwa fimbo.

Mama Jokébed aliingiza mkono mfukoni, akatoa uzi na kipande cha mpira wa serumu, ule wa dripu. Mwaka ule vibanio vya kitovu vilikuwa vimekwisha hospitalini tangu mwezi wa nne, na wanafunzi wake wote walijifunza kufunga kwa uzi uliochemshwa. "Funga," alisema. "Vile ulikuwa unafunga."

Sifa alichukua uzi kwa mkono wa kulia. Akauzungusha. Fundo la kwanza lililegea. Akajaribu tena, na uzi ukateleza. Ornella aliona shingo yake ikilowa. Akafanya kitu kimoja tu alichokijua. Alimshika Sifa mabega, akamsogeza hatua moja hadi kwenye kona ya veranda, upande wa kushoto, ambako hakukuwa na ukuta wala mtu wa kugonga kiwiko.

"Hapa," alisema. "Kyakimwa, kaa hapa."

Sifa alimtazama baba yake. Hakuomba ruhusa. Alimtazama kama mtu anayetazama mto kabla ya kuvuka. Kisha mkono wa kushoto ukatoka nyuma ya nguo, ukachukua uzi, ukazunguka mpira mara mbili, ukavuta, ukafunga, ukazunguka tena, ukafunga. Vidole havikuwa na haraka. Mama Jokébed alichukua mpira, akauvuta pande zote mbili kwa nguvu zake zote. Fundo halikusogea.

"Ee," alisema. "Ni yeye. Ule mukono nitasahau namna gani? Alinitolea mutoto aliyekaa vibaya, saa kumi ya usiku, stima imekatika, na yeye mwenyewe hakulia. Nilimwambia siku ile, 'G., weye uko mukunga.' Hukumbuke?"

"Nakumbuka, Mama," Sifa alisema. "Nilifikiri umesema *j'ai*, 'niko na'. Nilifikiri unataka kusema kitu na ukaacha."

Mama Jokébed akaangua kicheko hadi kina mama kwenye benchi wakacheka naye, hata yule mwenye uchungu. Mzee Kasimu hakucheka. Aliuchukua ule mpira, akaugeuzageuza, akalipapasa fundo kwa kidole gumba.

"Kumbe haikusahau," alisema.

"Hapana, Papa."

"Miezi mbili yote ile." Akauvuta mpira kidogo kila upande. "Mama yangu, nyanya yako, hakuwa nasemaka kushoto. Alikuwa nasemaka mukono ya kike. Nilidhani ni maneno ya bazee tu." Akamrudishia mkunga mpira wake, kwa heshima, kama mtu anayerudisha kitu cha watu. "Mama, andika ile barua. Tafazali. Bapite njia mbele jua halijashuka."

*

Barua ilikuwa na mistari mitano na mhuri uliopigwa mara mbili kwa sababu wa kwanza ulififia. Alhamisi asubuhi Bwana Manassé aliisoma akiwa amesimama. "Gauche," alisema. "Na miye natafuta Georgette mu chuo muzima." Akamsukumia Sifa orodha na kalamu. "Andika jina yako mwenyewe. Kamili. Na ile mukono." Ijumaa orodha ilibandikwa, imechapwa kwa mashine, na jina moja chini kabisa kwa wino wa buluu, herufi zimesimama wima.

Alifanya mtihani, akafaulu. Si wa kwanza, si wa mwisho. Nyumbani Meza Moja walipika wali na samaki, na Providence akatoa hotuba ndefu isiyo na mwisho, ambayo Ornella alisinzia katikati yake.

Mama Jokébed alikuwa ameshamwomba: ukimaliza, uniletee ule mukono. Mzee Kasimu alikubali, kwa kuwa kituo kilikuwa Beni na barabara ingepitwa mara moja tu. Kwa hiyo asubuhi moja ya mwezi wa nane Sifa alifunga mkeka wake, akaweka thermos ndani ya beseni, na wote watano wakamsindikiza hadi kwenye maegesho ya pikipiki. Usiku wa kuamkia siku hiyo zilifika habari mbaya kutoka Lubero, na Ornella hakuwa amelala. Alikuwa bado na mwaka mmoja wa masomo mbele yake, na chuo kilikuwa kimetangaza wapya wataanza kufika Jumatatu.

Mkuu wa maegesho alikuwa na kidaftari cha kuandika abiria wote wanaoelekea Beni, ili ijulikane nani ametoka na nani amefika.

"Jina?"

"Kyakimwa!" alipaza sauti Providence.

Kalamu ilisimama hewani. Ornella alifungua mdomo, kisha akaufunga. Safari hii hakujibu kwa niaba ya mtu.

"Sifa Kasimu," alisema Sifa. "Andika yote." Kisha akawageukia. "Ile ingine ni ya nyumba. Naenda nayo, hapana?"

"Unaenda nayo," Ornella alisema. "Haipewi mutu."

"Yaya, ulale kidogo," Sifa alisema, akimwita dada mkubwa.

"Nitalala."

Wote wawili walijua kwamba hatalala. Pikipiki iliwaka. Sifa alipanda, beseni mapajani, mkono wa kulia umeshika beseni na wa kushoto umelishika koti la dereva. Hakuweza kupunga. Waliona tu kitambaa cha kijani kikipanda kilima kuelekea njia ya Beni, kikipita nyuma ya lori la mbao, kisha lori likabaki peke yake.

Ornella alirudi Mususa akiwa wa mwisho nyuma ya wenzake. Alifungua mlango kwa ufunguo wake. Maharagwe ya mchana yalikuwa yamemwagwa mezani tangu asubuhi, yakisubiri kuchambuliwa. Alivuta kiti, akakaa mahali pake, akaanza, jiwe hapa, bovu pale, polepole kuliko ilivyozoeleka katika nyumba hiyo. Kona ya kushoto aliiacha wazi.